Nywele zangu za kipilipili zimegoma pale pale, nifanyeje?

Kipilipili_Halisi:
Habari zenu wapendwa. Naombeni ushauri, maana nimefika mahali pa kukata tamaa.

Miezi 24 iliyopita niliacha dawa ya kunyoosha nywele, nikanyoa karibu zote na kuanza upya na nywele asili. Mwaka wa kwanza nilifurahi sana. Sasa nikiuvuta unywele wa utosini mpaka unyooke unafika sentimita 9, na miezi mingi umekuwa hapo hapo. Huwa nasuka rasta, nakaa nazo miezi mitatu, nafumua na kusuka tena siku hiyo hiyo. Mafuta napaka kila siku. Nikichana, sinki linajaa vipande. Juu ya masikio zimepungua hadi ngozi inaonekana. Nikitoka kusukwa usiku wa kwanza silali kwa maumivu, na mbele karibu na paji vinatoka vipele vyenye usaha. Msusi wangu anasema zisipobanwa hazidumu.

Kuna mafuta gani ya kukuza? Au ndivyo nilivyoumbwa?

Binti_Chanuo:
Pole mpenzi. Mimi napaka mafuta ya nyonyo kila usiku na kusugua kichwa taratibu, nywele zimejaa. Jaribu, usikate tamaa.

Mkono_Mwepesi:
Dada, nimesuka vichwa vya watu kwa miaka 15, nakuomba unisikilize. Nywele zako zinaota. Nywele za aina yetu kwa wastani huota kama sentimita 0.8 kwa mwezi, wengine zaidi kidogo, wengine pungufu. Kwa miezi 24 hiyo ni karibu sentimita 19. Wewe unazo 9. Hizo 10 ziliota kweli, ila zimekatikia njiani.

Unywele wetu hutoka kichwani ukiwa tayari umejipinda, tena ni bapa kidogo, si mviringo. Kila penye kona ndipo unapovunjikia. Mafuta ya asili ya ngozi nayo hayateremki kirahisi kwenye unywele uliojisokota, kwa hiyo ncha, ambazo ndizo kuukuu kuliko sehemu nyingine zote, hukaa kavu.

Leo ukichana, kusanya zilizonasa kwenye chanuo uziangalie mojamoja kwenye mwanga. Ule wenye kinundu cheupe mwishoni umeng'oka wenyewe baada ya kumaliza muda wake, na mtu hupoteza 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku bila shida yoyote. Kile kipande kifupi kisicho na kinundu kimekatika.

Na hayo maumivu usiyazoee! Vipele hivyo maana yake mizizi inavutwa. Ndio mwanzo wa upara wa kuvutwa. Ukiacha mapema nywele hurudi, ukiendelea miaka na miaka ngozi inafanya kovu na haizioti tena nywele. Rasta isiyouma hudumu vizuri tu, mimi nasuka hizo kila siku. Mwambie msusi asimamishe mkono pale unapohisi inavuta, na kama hataki, nyanyuka.

Kipilipili_Halisi:
Nimerudi. Nimehesabu 31 kwenye chanuo. Zenye kinundu ni 6 tu. Zilizobaki ni vipande, vingine havizidi upana wa kucha. Nimekaa navyo mkononi nikalia. Miaka miwili yote nilikuwa nadhani kichwa changu ndicho kibovu. Sasa nianzie wapi?

Maji_Kwanza:
Anza na maji, dada. Nilipitia hayo hayo. Mafuta peke yake hayalainishi unywele mkavu, yanafunika ukavu ulio ndani. Lowesha kwanza, paka kondishena nyepesi ya kuacha kichwani, ndipo mafuta yaje juu kuzuia maji yasipotee. Binti_Chanuo hajakosea kuhusu nyonyo, ni zito na linashika unyevu vizuri. Ila kwamba linaharakisha kuota, hilo halijathibitishwa.

Osha mara moja kwa wiki, au kila baada ya wiki mbili, hata ukiwa umesuka. Usichane zikiwa kavu. Zigawe mafungu manne au sita, jaza kondishena, tumia vidole kwanza kisha chanuo lenye meno mapana, ukianzia nchani na kupanda kuelekea kichwani. Lala na kitambaa cha satini, pamba inanyonya unyevu na kuzikwaruza.

Siku ya kufumua rasta usiogope ukiona fungu kubwa. Zile zinazong'oka kila siku zilikuwa zimenaswa humo. Kwa siku 60 zinaweza kuzidi 3,000. Ndiyo maana ukishafumua hupaswi kuosha kabla ya kuzitoa hizo zilizong'oka, zitafungana mafundo ulie. Kaa na rasta wiki sita, nane zikizidi sana, halafu pumzisha kichwa angalau wiki mbili.

Muuguzi_Mpole:
Niongeze dogo. Ukiona utosini panapungua na kusambaa kwa nje, hasa kama panawasha au kuchoma, nenda kwa daktari wa ngozi mapema. Na kama zinang'oka nyingi zenye kinundu, omba upimwe damu: upungufu wa madini ya chuma na matatizo ya tezi ya shingo huleta hali hiyo. Waliojifungua huiona kama miezi mitatu baadaye, na kwa kawaida hupita.

Kipilipili_Halisi:
Mungu awabariki. Kesho nilikuwa na miadi ya kusuka, nimeiahirisha. Swali la mwisho: hapa juu ya masikio, nikisuka tena nizichanganye na zingine?

Mkono_Mwepesi:
Hapana, ziache nje kabisa. Usizilaze kwa jeli ngumu na brashi kila asubuhi, na wigi lenye gundi usiliguse kwa sasa. Piga picha leo penye mwanga mzuri, nywele zikiwa zimeloa. Piga nyingine baada ya miezi mitatu ukisimama pale pale, uje utuoneshe.