Mjadala: Wimbo wa jadi ukimtajirisha msanii, waliouanzisha wana haki gani?

Mwanzisha mada, Ujiji

Wadau wa Kigoma na Tabora, salaam. Naomba tulijadili hili bila matusi, maana limeshaleta maneno makali kijiweni kwetu na sikuridhika na tulivyoliacha.

Mimi ni shabiki wa Bob Dylan, mwimbaji wa Marekani. Namsikiliza tangu enzi za kaseti, mashairi yake mengi ninayo kichwani, na kwangu hakuna mtunzi wa kushika gitaa anayemfikia. Jamaa mmoja akaniambia kwamba huyo ninayemsifu ni mwizi wa nyimbo za watu. Mwingine akamtetea kuliko hata mimi: nyimbo za jadi hazina mwenyewe, kila mtu achote anavyotaka. Mimi nasema wote wawili wamekosea, na jambo lenyewe linatuhusu hapa mkoani kuliko linavyomhusu Dylan.

Kwanza habari yenyewe. Dylan alizaliwa Duluth, Minnesota, mwaka 1941, akaingia New York Januari 1961 na gitaa lake na nyimbo za watu wengine. Albamu yake ya kwanza, ya 1962, ina nyimbo mbili tu alizotunga mwenyewe, na mmojawapo, ule aliomtungia Woody Guthrie, mwimbaji wa Marekani aliyemtangulia, umepanda juu ya mahadhi ya wimbo wa Guthrie huyohuyo. Mwaka uliofuata ikatoka albamu yenye "Blowin' in the Wind", wimbo uliomtangaza dunia nzima. Mahadhi yake yametokana na "No More Auction Block", wimbo wa watu weusi wa Marekani waliotoka utumwani, wanaoapa kwamba hawatapandishwa tena mnadani. Dylan alilisema hilo kwa kinywa chake mwaka 1978. Sisi wa Ujiji, mji ambao misafara ilipitisha watu wenye minyororo kuelekea Tabora hadi pwani, wimbo kama huo hatuwezi kuuona kama kitu kilichookotwa njiani.

Kuna na kisa cha "House of the Risin' Sun". Wimbo wenyewe ni wa zamani, lakini mpangilio ule ulikuwa wa mwanamuziki Dave Van Ronk, rafiki aliyempa Dylan hata pa kulala alipokuwa mgeni mjini. Dylan akaurekodi kwanza, ruhusa akaja kuiomba baadaye. Van Ronk alisimulia kwamba ilibidi aache kuuimba, kwa kuwa watu walidhani yeye ndiye ameuchukua kwa Dylan. Kundi la The Animals lilipoutoa 1964, Dylan naye akaanza kuambiwa ameuchukua kwao.

Kuchukua mahadhi na kuyavika maneno mapya, mimi siuiti wizi. Nyimbo za harusi za Waha hubadilishwa maneno kila zinapohamia kijiji kingine, na hakuna anayekwenda polisi. Mwaka 2015, akipokea heshima mbele ya wanamuziki wenzake, Dylan alieleza kwamba nyimbo zake hazikushuka kutoka hewani: yeyote ambaye angeimba "John Henry" mara nyingi kama alivyouimba yeye, naye angeandika alichoandika. Namwamini kabisa. Mtu anayejifunza hivyo anastahili sifa.

Kinachoniuma ni hatua inayofuata. Mwaka 2006 alitoa "Rollin' and Tumblin'", wimbo uliorekodiwa tangu 1929 na kupata umaarufu mkubwa kwa Muddy Waters, mwimbaji mweusi wa blues. Dylan akabadilisha beti nyingi, kisha kwenye jina la mtunzi akaandika lake peke yake. Desemba 2020 akauza haki za nyimbo zake zaidi ya 600 kwa kampuni ya Universal, na magazeti ya Marekani yakakadiria bei kuwa zaidi ya dola milioni 300. Katika mzigo huo yamo mahadhi ya wale waliokataa mnada.

Nampenda, na kwa kuwa nampenda sinyamazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tena yeye mwenyewe ameonyesha kwamba inawezekana: kwenye albamu ya 1993, "World Gone Wrong", aliandika maelezo marefu ya nyimbo za zamani alizoimba humo, akitaja na watu aliozipata kwao. Ile ndiyo adabu ninayoitaka.

Sasa tuje kwetu. Vijana wanachukua nyimbo za Kiha na Kinyamwezi, wanaziingiza studio, nyingine zinapata pesa. Pendekezo langu: kutaja wimbo umetoka wapi iwe lazima, na ukianza kuingiza pesa, sehemu irudi ulikotoka. Semeni.

Mwanamuziki, Mwanga

Kaka yangu, shikamoo kwanza. Nakuheshimu, lakini hoja yako itatuzika.

Mimi ndiye huyo kijana unayemsema, wa Mwanga hapa Kigoma. Nimerekodi wimbo wenye kiitikio cha Kiha nilichokipata kwa bibi yangu. Bibi alikipata kwa shangazi yake, shangazi alikipata shambani. Nimlipe nani? Wakati nahangaika kulipia studio hakuna mwanakijiji aliyeniuliza nimekula nini. Wimbo ukipigwa redioni ndiyo wote wanakumbuka kwamba ni wao.

Na kuna kubwa zaidi. Mwaka 2012 wasanii wa Kigoma waliposhirikiana kutoa "Leka Dutigite", mimi nilikuwa shule, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia wenzangu darasani wanatamka Kiha bila aibu. Ukimwekea mtoto wa Mwanga kibali na tozo kila anapogusa wimbo wa bibi yake, atafanya lililo rahisi: ataimba mapenzi kwa Kiswahili cha Dar na mdundo wa Nigeria. Nyimbo zenu zitabaki safi, hazijaguswa, na hazijulikani.

Dylan asingechukua, leo wewe hapo Ujiji ungeujua huo wimbo wa mnada?

Mchangiaji, Manyovu

Naongeza moja tu. Mimi nakaa mpakani. Kiha chetu na Kirundi cha ng'ambo tunasikilizana bila mkalimani, na nyimbo za kulima ni zilezile huku na kule. Ukisema pesa zirudi ulikotoka wimbo, zinarudi Buhigwe au zinavuka kwenda Burundi? Mkianza kugawana nyimbo mtafika kwenye kugawana watu.

Mama wa kikundi cha ngoma, Tabora

Marahaba wanangu, hata ambao hamjanisalimia.

Nimecheza ngoma tangu sijaolewa. Nataka niwaulize nyinyi mnaosema wimbo wa jadi hauna mwenyewe: nani kawaambia? Kwetu Unyamwezini wimbo una manju. Anautunga, anautafutia maneno usiku kucha, anatufundisha sisi waitikiaji, na siku ya kushindana anasimama nao mbele ya watu. Akishinda, wimbo unakwenda na jina lake kijiji kwa kijiji. Mtu wa mjini akija na mashine ya kurekodi, haulizi. Anaandika "wimbo wa asili ya Wanyamwezi", basi, manju kafutwa.

Yametupata. Kwenye sherehe moja walikuja watu, majina siwataji, wakaturekodi mchana kutwa. Tulipewa soda. Baadaye tukausikia wimbo wa manju wetu umewekewa vinanda na unaimbwa na mtu mwingine, mtunzi ameandikwa huyo mwingine. Manju alikuwa mgonjwa wakati huo. Hakuomba pesa. Alikuwa akiuliza kila anayekuja kumjulia hali: mimi wamenitaja? Tukawa tunanyamaza.

Kwa hiyo mwanangu wa Mwanga, nakuelewa kuhusu tozo. Lakini usiseme hauna mwenyewe kabla hujauliza.

Mchangiaji, Kasulu

Mama, pole sana. Hilo limenigusa.

Ila mwanzisha mada bado hujanijibu kwa nini utuletee Mmarekani. Mifano ya Afrika imejaa. Solomon Linda alirekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akapewa shilingi chache na kuachia haki zake. Wamarekani wakaugeuza "The Lion Sleeps Tonight", ukaimbwa dunia nzima. Yeye akafa maskini 1962, na familia yake ikaja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Na "Malaika" je? Fadhili William aliurekodi na jina lake ndilo lililoandikwa, Adam Salim akadai yeye ndiye mtunzi, na mpaka leo ukiuliza hilo kwenye meza yoyote watu watagawanyika.

Sheria tunayo pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya kusimamia hakimiliki nchini, na ndani yake sanaa za jadi zimetajwa kabisa kuwa zinalindwa. Tatizo ni kwamba mlinzi yuko Dar, na mwenye wimbo yuko Urambo.

Mwanzisha mada, Ujiji

Wa Kasulu, namleta Dylan kwa sababu yeye ndiye ninayempenda, na ni rahisi sana kudai haki kwa msanii usiyempenda. Kumsema aliyemnyonya Linda hakunigharimu chochote. Kusema kwamba mtu ambaye nyimbo zake nimeishi nazo alipaswa kumtaja mwenzake, hilo ndilo linalonipima. Vivyo hivyo kwa mashabiki wa wasanii wetu wa Kigoma. Msanii ukimgusa kidogo wanakuja juu kama nyuki, hata wakijua kiitikio ni cha bibi wa mtu.

Mama wa Tabora amelisema nililokuwa nalitafuta. Nilipoandika kuhusu Van Ronk nilikuwa naona hilohilo: wimbo ulikuwa wa zamani, lakini mpangilio ule ulikuwa wa mtu mwenye jina na anwani, na alikuwa anakaa mtaa uleule. Ni hivyohivyo kwa Martin Carthy wa Uingereza, ambaye Dylan alijifunza kwake "Scarborough Fair" London majira ya baridi ya 1962 na 1963, kisha ukazaliwa wimbo "Girl from the North Country". Huyu walau alitajwa kwa jina kwenye maelezo ya albamu. Ilimpunguzia Dylan nini?

Wa Manyovu, hoja yako ni nzito na kwa wimbo wa namna hiyo nakubali pesa haziwezi kugawanywa kwa haki. Uandikwe "wimbo wa kulima wa Waha na Warundi" na tuishie hapo. Lakini tusitumie wimbo usio na mtu anayejulikana kama kichaka cha kumfichia manju anayejulikana. Kila mara naona hivyo ndivyo inavyofanyika: tunatolewa mfano mgumu ili ule mwepesi usishughulikiwe.

Na mdogo wangu wa Mwanga, uliniuliza kama ningeujua wimbo wa mnada bila Dylan. Nisingeujua. Nilimsikiliza yeye kwanza, nikasoma, nikaufuata nyuma mpaka nikaukuta, nikausikiliza ukiimbwa na Odetta, mwimbaji mweusi wa Marekani. Niliweza kuufuata kwa sababu alisema. Angenyamaza, njia ingekuwa imefungwa.

Halafu tusisahau tuko wapi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, ni mtoto wa Ujiji hii. Malenga wa zama zake walijibizana magazetini, wakiazimana bahari na vina, na kila mmoja akaweka jina na mji wake chini ya shairi. Kuazima kulikuwa kwingi mno, na hakuna aliyepotea.

Mwanamuziki, Mwanga

Kaka, kwenye kutaja nimeelewa na nakubali. Kwenye pesa bado. Wimbo mwingi tunaotoa haurudishi hata gharama. Ukiniambia sehemu, nauliza: sehemu ya nini? Labda iwe pale msanii anapouza haki zake au wimbo unapochukuliwa kwa tangazo la biashara. Hapo kuna pesa halisi mezani, na hapo hata mimi nitaona aibu kula peke yangu.

Wimbo wangu ule nitaubadilisha maelezo. Nitaandika jina la bibi, na kijiji.

Mama, naomba nikuulize wewe. Nina hamu ya kufanya kitu na nyimbo za Kinyamwezi, na zile za mavuno nazipenda sana. Nikitaka wimbo wa kikundi chenu, nifanye nini mniruhusu?

Mama wa kikundi cha ngoma, Tabora

Njoo. Treni ipo, na kutoka Kigoma wengi wanakuja nayo. Usitume mtu na simu ya kurekodia.

Manju wetu alishafariki, kwa hiyo utakaa na watoto wake, wawili wanaimba na mmoja yuko kwenye kikundi. Utawaambia unataka kufanya nini na wimbo, watakuimbia wote mzima, maana ule uliorekodiwa umekatwa. Pesa mtaongea ninyi kwa ninyi, na kama hiyo ya tangazo uliyoisema, waiandike kwenye karatasi kabla hujaondoka. Kuchanganya na vyombo vyako sina neno. Hata yeye akiwa kijana alichukua nyimbo za wazee akazigeuza, wazee walinuna wakazoea.

Moja tu sitakubali. Kwetu manju anajitaja ndani ya wimbo: anasema mimi fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani, ndiye ninayeimba. Katika wimbo wetu huo ni ubeti wa tatu. Wale wenye mashine waliukata huohuo, wakasema wimbo ulikuwa mrefu. Wewe kata wowote mwingine. Ule wa tatu uuimbe kwa jina lake, halafu uongeze wako wa nne ujitaje na wewe.