Naomba ushauri: mwanangu anaamini kifo cha baba yake ni adhabu yake

Wakubwa shikamooni, na wengine habari zenu. Mume wangu alifariki kwa presha miezi minne iliyopita. Mama mkwe wangu, mwenye miaka 71, kila asubuhi husema Mwenyezi Mungu amechukua amana yake, kisha huketi barazani na kusuka ukili. Mwanangu wa miaka 15 amelelewa katika imani hiyohiyo, lakini yeye anaamini Mungu amemwadhibu, kwa kuwa jioni ile nilimtuma dawa akachelewa mpirani. Kila alfajiri huyapangusa makubazi ya baba yake na kuyarudisha mlangoni, na chakula hukigusa tu. Nimwambie nini bila kumvunjia imani yake?

Mwalimu Mstaafu:
Pole sana, mwanangu. Bibi amekwisha kuzika wengi, na neno hilo la amana limemkaa moyoni kwa miaka. Kijana hajawahi kuzika mtu, tena yumo katika umri wa kujiuliza yeye ni nani, na jibu alilolipata ni kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yake. Usimpe maneno ya bibi ili anyamaze. Mwache aisimulie jioni ile yote bila kumkatiza. Mtume mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim. Kijana alisikie hilo kabla hajaambiwa asubiri.

Muuguzi wa Zamu:
Dada, pole. Mwaka 2001 Kenneth Pargament na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 596 wa Marekani, wenye miaka 55 na zaidi, waliofuatiliwa kwa miaka 2: waliohisi Mungu amewatupa, au waliotilia shaka upendo wake, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki. Hao walikuwa watu wazima, lakini mzigo wa namna hiyo siudharau hata kwa mtoto. Nendeni pamoja kwa daktari aliyemtibu mumeo, amweleze kijana kwamba presha huharibu mishipa ya damu polepole kwa miaka mingi. Pia muulize waziwazi kama anawaza kufa, maana kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, wala asiachwe peke yake.

Mwenye uzi:
Nawashukuru sana. Jana usiku alisimulia yote, na nilipomuuliza kuhusu kufa alisema hapana. Kisha akauliza kama baba yake alimtaja. Nilimwambia kweli: aliuliza kama mtoto amekula. Jumatatu tunakwenda kwa daktari.