Nyumba ya zamani Kaloleni au ya Duluti karibu na ziwa, mngechukua ipi?

MamaWawili_AR
Wana Arusha habari za asubuhi, naombeni ushauri maana mwisho wa mwezi lazima niwe nimehama. Dalali kanionyesha sehemu mbili na bei zinakaribiana. Moja Kaloleni, nyumba ya zamani kabisa, kuta nene, uani kuna mwembe, ukitoka getini unatembea kidogo tu upo Mnara wa Mwenge. Nyingine Tengeru, njia ya kushuka Ziwa Duluti, nilienda asubuhi ukungu umelala juu ya maji, ndege wanaita toka msituni, nikasimama pale mpaka nikasahau kama dalali ananisubiri. Naishi na mama ana miaka 71, magoti yanamsumbua ila bado anauza vitenge Soko Kuu, na watoto wawili wanasoma mjini. Moyo wangu upo ziwani kwa kweli. Mnaokaa huko niambieni.

mzawa_kaloleni
Dada karibu sana Kaloleni, mi nimezaliwa hapa na bibi yangu kafia hapa. Huu ndio mji wenyewe, Makumbusho ya Azimio la Arusha yapo hapahapa, wazee wetu wengine bado wanakusimulia ile 1967 kama jana. Lakini usilipe kodi kabla hujapanda kuangalia darini. Sisi tulipaka rangi sebule nzima tukafurahi, masika ilipoingia maji yakatiririka ukutani usiku mpaka kwenye swichi ya taa, asubuhi tunakuta mbao za paa zimeliwa na mchwa zimebaki unga, ukizibonyeza na kidole zinazama. Gonga mbao, angalia nyaya kama ni za zamani, uliza LUKU ya umeme mnashea na wapangaji wangapi na choo je. Zikiwa nzima hizo nyumba, mchana wa jua kali ndani panakuwa baridi raha kabisa.

Duluti_njiapanda
Mimi nipo Tengeru mwaka wa sita na sitoki. Lile ziwa ni kreta ya volkano, halina mto unaoingia, maji yanatoka chini ardhini, na msitu unaolizunguka ni hifadhi ndo maana kumebaki kutulivu vile, jioni unakutana na kenge anavuka njia taratibu kama mwenye eneo. Hata historia ipo, wakati wa vita kuu ya pili wakimbizi wa Poland waliwekwa hapa Tengeru kwa maelfu na makaburi yao yapo mpaka leo yanatunzwa.

Sasa mambo ya kuangalia. Hakikisha nyumba haipo ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa, sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu humo, usije ukalipa miezi sita halafu mkaambiwa mbomoe. Juni na Julai baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, nguo hazikauki, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Na uliza maji ya kunywa yanatoka wapi, ukanda wetu huu wa Meru maji mengi yana floraidi na kuchemsha hakuitoi kabisa, inazidi kukolea, meno ya watoto wadogo ndo yanaharibika. Tafuta chujio la mkaa wa mifupa au chanzo kilichopimwa.

bibi_wa_Sakina
Mwanangu, barabara ya njia nne imesaidia sana lakini Jumatano na Jumamosi soko la Tengeru likijaa, kifodi, yaani daladala, kinasimama kila hatua. Mama yako na hayo magoti apande ashuke mara mbili kwa siku na furushi la vitenge? Mimi nina magoti kama yake. Akikaa Kaloleni ataenda sokoni kwa miguu taratibu, akichoka anakaa barazani kwa mtu anapewa chai. Siku akiacha kwenda sokoni mwenyewe ndio utamwona anazeeka.

MamaWawili_AR
Shikamoo bibi, hiyo ya kwenda sokoni kwa miguu imenigusa, sikuwa nimeifikiria kabisa nilikuwa najifikiria mimi na ukungu wangu. Kesho naenda Kaloleni na fundi apande darini, na mama naenda naye akae chini ya ule mwembe aone. Duluti tutakuwa tunaenda Jumapili na watoto. @mzawa_kaloleni fundi uliyemtumia kwenye paa bado yupo? Niandikie inbox.