Mtaro wa I-170 Baltimore: ufukiwe au ipite treni?

Kokoto: Wakuu, magharibi mwa Baltimore, Marekani, kati ya mitaa ya Franklin na Mulberry, pamechimbwa mtaro, ndani yake barabara ya njia sita yenye urefu wa kilomita 2 na ushei. Wenyeji huiita Barabara Isiyofika. Ilifunguliwa 1979 kama I-170 ("I" ni barabara kuu za kitaifa ziitwazo Interstate), baada ya nyumba 971 kubomolewa, nyingi za Wamarekani Weusi. Mimi nasema ifukiwe, mitaa iungane.

Mchoraramani: Tuanzie kwenye namba. Namba ya tarakimu tatu inayoanza na witiri ni ya tawi. I-170 ilipangwa kuwa tawi la I-70. Shina lenyewe lilipaswa kupasua bustani ya Leakin Park. Wananchi wakapinga hadi mahakamani, na mpango wa kipande hicho ukafutwa 1981. Tawi likabaki halishiki popote, likavuliwa I-170 na kupewa US 40, namba ya barabara ya kawaida ya kitaifa. Hata mkia wa I-70 ulioishia mlangoni mwa bustani ulinyang'anywa namba 2014, sasa unaitwa MD 570, yaani barabara ya jimbo la Maryland. Vibao ni rahisi kubadili. Kuta za zege ndizo shida.

Tingatinga: Hapo ndipo penye kazi, Kokoto. Kufukia si kumwaga kifusi. Kwanza unahamisha mabomba na nyaya zilizobebwa na madaraja yanayovuka mtaro. Kisha unavunja lami ya chini. Ukiiacha nzima, maji ya mvua yanatuama juu yake kama kwenye karai, udongo unalainika na barabara mpya inatitia. Udongo unawekwa kwa tabaka za sentimita 20 hadi 30, kila tabaka linashindiliwa na kupimwa kabla ya linalofuata. Tena, katikati ya mtaro iliachwa nafasi ya reli. Treni ya mjini ya Red Line ilipangwa kupita humo; Gavana Hogan wa Maryland akaifuta 2015, gavana aliyemfuata, Moore, akaifufua 2023. Ukifukia leo, kesho utafukua.

Kokoto: Nafasi ya reli nakubali, Tingatinga. Reli mbili zinahitaji upana kidogo tu. Hizo njia sita za magari ni za nini, wakati Franklin na Mulberry zipo juu hapo hapo? Bakisheni ukanda wa treni, kwingine kufukiwe. Upande wa magharibi, karibu na kituo cha MARC, treni za abiria za Maryland, kuta zilishabomolewa 2010, kwa hiyo inawezekana. Ila pale pakaongezwa maegesho ya magari. Safari hii zijengwe nyumba, maana nyumba ndizo zilizoondolewa.