Nimekusanya data ziwani, makala imetoka bila jina langu. Nidai au ninyamaze?

MwishoWaReli: Wakuu habari za jioni, naomba ushauri ila msinitukane. Nina masters ya mambo ya uvuvi, nipo Kigoma, nina mkataba kwenye mradi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika. Kazi yangu ni mwaloni, Kibirizi na Katonga, mitumbwi ikirudi alfajiri napima dagaa, nauliza wamewasha taa ngapi, na zile siku za mbalamwezi wasipotoka ndo nasafisha data, na hata lile wazo la kulinganisha mavuno ya mwanzo wa giza (zile siku zisizo na mbalamwezi) na mwisho wa giza nilitoa mimi kwenye kikao. Juzi makala imetoka. Majina kibao, wengine mwalo wenyewe hawaujui, mimi nipo kule chini kwenye shukrani, "wasaidizi wa fildi", jina hakuna. Sasa prof ameniahidi PhD awamu ijayo. Nikidai si nitaonekana sina adabu?

Mnyamwezi_Halisi: Kaa kimya upate PhD kwanza. Mkono usioweza kuukata ubusu. Nawasalimu kutoka Tabora.

Mama_Migebuka: Hapo ndo tunapoharibikiwa, kila mtu anabusu mkono, akishakuwa dokta na yeye anawanyooshea wadogo wake waubusu. Mdogo wangu, wahariri wa majarida ya tiba (ICMJE) wana masharti manne ya mtu kuitwa mwandishi, na majarida mengi ya fani nyingine yanafuata humo humo: umechangia wazo au data au uchambuzi, umeandika au kuhakiki, umeridhia toleo la mwisho, uko tayari kuwajibika. Lakini wamesema pia aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza yaliyobaki. Kwa hiyo wakikwambia "hukuandika", waulize rasimu walikutumia lini.

Sokwe_Mtu: Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, kafika Gombe hapo 1960 ana miaka 26 hana digrii hata moja, wakubwa wakamsema eti sokwe wanapewa namba sio majina. Leo nani alikuwa sahihi? Dai!

Mnyamwezi_Halisi: @Sokwe_Mtu huyo nyuma yake alikuwepo Leakey, mtafiti mkubwa wa mabaki ya kale, ndo aliyemtafutia hela na nafasi Cambridge. Huyu dada nyuma yake kuna nani, mkataba?

Katonga_Boy: Mi mvuvi tu naomba niulize, wale vijana wanaokushikia ndoo na kukupa mzani umewaandika wapi? 2024 ziwa limefungwa miezi mitatu, Mei mpaka Agosti, tukaambiwa samaki wazaliane, sisi tunaopimiwa dagaa kila siku hatujaletewa hata karatasi moja ya hayo majibu.

Mama_Migebuka: 😂 Kaka umepiga penyewe. Haya dada, usianzie kwenye grupu la WhatsApp. Mwandikie prof imeili ya heshima, ambatanisha ile minitsi ya kikao chenye wazo lako, omba jarida litoe sahihisho la majina. Kwa mhariri usikimbilie, ugomvi wa majina huwa anaurudisha chuoni kwenu. Na makala ijayo mkubaliane majina kwa maandishi KABLA hujakabidhi data.

MwishoWaReli: Asanteni, minitsi ninayo. @Katonga_Boy umenishika pabaya, data zenu ninazo naweza kuzieleza kwa Kiswahili, ila zile ni za mradi. BMU (kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo) wakiandika barua kwa prof kuomba majibu inakuwa rahisi, unamfahamu katibu wao?

Katonga_Boy: Katibu ni shemeji yangu. Njoo giza likianza, mbalamwezi hii yuko Ujiji.