Nyasi bandia uani, Tabora: mwembe ukatwe au ubaki?

Mama Ipuli
Wakuu, habari za majukumu. Nipo Tabora mjini, Ipuli. Nyuma ya nyumba nina eneo la mita 12 kwa 20, juu kichanga, ukichimba kidogo unakutana na udongo mwekundu mgumu. Wanangu na watoto wa majirani wanashinda hapo, wavulana na mpira wa miguu, mabinti na netiboli. Kiangazi vumbi linaingia mpaka kwenye masufuria, na mdogo wangu wa mwisho kifua kinambana. Baba yao amekubali tuweke nyasi bandia.

Fundi aliyekuja kasema atasawazisha, atamwaga mchanga, atatandika kapeti, siku mbili kamaliza. Bei yake nafuu ila moyo wangu haujatulia. Halafu upande wa magharibi kuna mwembe mkubwa, anataka ukatwe kwa sababu ya majani. Mwembe huo aliupanda marehemu baba mkwe. Naombeni ushauri kabla hatujatoa hela, mvua za Novemba haziko mbali.

Fundi wa Nyakato
Dada, pole na hongera. Msimamishe kwanza huyo fundi. Mimi natandika kapeti hizi huku Mwanza, na hela inatakiwa ikae chini ya kapeti. Mchanga mtupu juu ya udongo hautulii. Mvua kubwa ikipiga unahama, panabaki mabonde, mtoto anakimbia anateguka kifundo.

Chimba sentimita 15 hadi 20. Shindilia udongo wenyewe kwa mashine, kisha tandika kile kitambaa kigumu kinachozuia kokoto kuzama kwenye udongo. Mwaga kokoto unene wa sentimita 10, lakini kwa matabaka mawili, kila tabaka lishindiliwe peke yake. Juu yake vumbi la kokoto sentimita 3, nyunyizia maji, shindilia tena mpaka ukipita na viatu havichori. Weka mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita. Macho hayauoni, maji yanauona. Upande wa chini weka mfereji, usimpelekee jirani mafuriko.

Kingo ziwe za zege au tofali za saruji. Akikuletea mbao mkatalie, mchwa wa Tabora unawajua kuliko mimi.

Mama Ipuli
Asante sana kaka. Na ukubwa wa uwanja?

Fundi wa Nyakato
Roli nyingi zina upana wa mita 4. Fanya uwanja mita 8 kwa 16, unaingiza vipande viwili, unapata mshono mmoja tu katikati. Kwa upana wa mita 8, upande mmoja utakuwa chini ya mwingine kwa sentimita 8. Kokoto ni kama mita za ujazo 13, agiza na ziada maana zikishindiliwa zinapungua. Hakikisha vipande vyote viwili majani yamelalia upande mmoja, la sivyo utaona rangi mbili hata kama kapeti ni moja. Mshono ubandikwe kwa utepe wake na gundi yake, siku kavu.

Mwl. wa Michezo
Niongeze kuhusu michezo yenyewe. Kapeti ya bustani isiyojazwa mchanga ni ya kukalia. Ikichezewa, majani yanalala na hayanyanyuki. Kwa mpira wa miguu peke yake watu hutumia majani ya milimita 40 hadi 60, yanajazwa mchanga na chembe za mpira. Viwanja kama Kaitaba cha Bukoba na Nyamagana cha Mwanza viliwekewa nyasi bandia, ukipita huko omba uikanyage uone. Kwako wewe wanaocheza ni wa aina mbili, chukua fupi, milimita 15 hadi 20, ijazwe mchanga peke yake. Mpira ukidunda unarudi vizuri zaidi. Mchanga uwe uliooshwa na kukauka. Ule wenye udongo udongo unaziba matundu ya kapeti na maji yanatuama.

Chembe za mpira mimi siwashauri wenye watoto wadogo, zinaingia kwenye viatu mpaka chumbani. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha sheria ya kuziondoa sokoni, wakapewa miaka 8 ya kujipanga, kwa sababu zinatapakaa kwenye mazingira.

Kijana wa Cheyo
Kwani usipande ukoka tu dada?

Mama Ipuli
Nilifikiria. Watoto wote hawa juu yake, na kuumwagilia kuanzia Juni hadi Oktoba, bili ya maji hatuiwezi.

Mzee wa Kanyenye
Mwangaluka mwanangu. Mwembe usiukate. Nyasi hizi zinashika joto kuliko nyasi za Mungu. Kwenye jua kali zinaweza kupita nyuzi 60, mguu mtupu haukanyagi. Ukimwaga maji zinapoa kwa muda mfupi tu, joto linarudi. Mwembe wako uko magharibi, maana yake saa kumi jioni, watoto wakitoka shule, kivuli kimelala juu ya uwanja. Hakuna fundi atakayekuuzia kivuli hicho.

Sogeza uwanja mashariki, acha mita 4 upande wa mwembe, usichimbe karibu na shina ukakata mizizi. Punguza matawi yanayoinamia uwanjani. Kazi kubwa ni msimu wa maembe: popo wanakula usiku, asubuhi unakuta makokwa yaliyotafunwa nusu, nyuzi na maji ya embe vimeganda kwenye majani, nzi wamejaa. Yaokotwe kabla jua halijachomoza vizuri, paoshwe na maji. Majani makavu fagia kwa brashi ngumu kila wiki, yakioza yanakuwa udongo ndani ya kapeti.

Mama Ipuli
Shikamoo mzee, na asante. Baba yao amesoma, amesema mwembe unabaki. Sasa tuanze au tusubiri mvua ipite?

Fundi wa Nyakato
Chimba shimo la sentimita 30, jaza maji jioni. Yakiwa yameisha asubuhi, anza tabaka za chini sasa. Yakiwa bado yamo, utahitaji bomba la kutoa maji chini ya kokoto, hapo subirini hadi Mei. Hata ukianza sasa, kapeti iache dukani; mvua ipige kokoto kwanza, pakizama patajulikana mapema na patajazwa.

Mama Ipuli
Shimo tunachimba leo. Nitaleta majibu kesho.