Theluji ikiwa ngumu asubuhi, mlima uko salama?

Kilele:
Wakuu, habari zenu. Wiki ijayo tunapanda watu watatu, mbali na njia zinazolindwa. Utabiri unasema mawingu usiku, jua kali mchana. Taarifa ya maporomoko ya theluji inasema hatari itapanda kuanzia saa tano asubuhi. Tukikuta theluji imekaza alfajiri, si inatosha?

Mzee wa Theluji:
Haitoshi, mkuu. Mimi hayo mawingu ya usiku yananitia hofu kuliko jua. Anga likiwa wazi, theluji hupoteza joto na kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi 0. Mawingu ni blanketi: maji ya jana hayagandi, unakuta ganda jembamba juu na chini imelowa chepechepe. Lichome kwa fimbo kabla ya kuanza kupanda. Fimbo ikizama kirahisi, rudini.

Hata likiganda vizuri, angalieni mteremko unatazama wapi. Kwa nusu ya kaskazini ya dunia, upande wa mashariki hupigwa na jua kwanza, kisha kusini, kisha magharibi. Upande wa kaskazini hukawia, na wengi huukimbilia kwa sababu hiyo. Mimi huwa nauogopa sana. Huko chini kabisa mara nyingi kuna tabaka la chembe kubwa kama sukari, lililojengeka tangu mwanzo wa baridi. Maji yakilifikia kwa mara ya kwanza, theluji yote juu yake inaweza kung'oka hadi ardhini.

Kilele:
Asante mzee. Na tukiwa tumeshafika juu, dalili ni zipi?

Mzee wa Theluji:
Vibonge vya theluji vikianza kujiviringisha vyenyewe kutoka kwenye miamba, au buti likizama kupita kifundo cha mguu, mmeshachelewa. Ondokeni kwenye miteremko ya digrii 30 kwenda juu, na msipite chini yake pia.

Njia Nyembamba:
Naongezea: msikanyage theluji inayoning'inia ukingoni mwa kilele. Hukatika nyuma zaidi ya unavyodhani. Na kila mmoja abebe kifaa cha kutafutia aliyefukiwa, fimbo ya kuchomea na koleo. Nafasi ya kumpata mtu akiwa hai hushuka haraka baada ya dakika kumi hivi. Waokoaji wa kutoka nje ni nadra kuwahi.

Kilele:
Nimeelewa. Usiku ukibaki na mawingu, tunaahirisha.